Mnara Ushukapo

Mpira kaacha fundi, meli iking'oa nanga,
Ni papai la Malindi, ukidunda unatanga,
Tukaunda letu kundi, makuli, wauza kanga,
Wakaniita Mnara, jina likanikubali.

Refa akidunda yai, Tononoka, Jumapili,
Gusa tu, kisha hudai, wafupi watakabili,
Narudi, naomba chai, napumua mara mbili,
Urefu ulinitosha, sikuhitaji akili.

Mtaani Kibokoni, nikiitwa ni kwa taa,
Bi Shekue wa jirani, paka juu amekaa,
Nyosha mkono hewani, ushukapo umefaa,
Nikadhani yai hili, nalo ni taa ya pili.

Ndipo akaja Mwadime, kimo chake hakifiki,
Miguu yake umeme, akigusa habanduki,
Hasubiri tumtume, aokota, hashikiki,
Kocha akanitazama, macho hayana ukali.

“Mnara, ukiwa chini, ndipo mchezo waanza.
Gusa, kisha uwe nani? Kimbia, kamata, kaza!”
Nina goti la zamani, nalo likajinyamaza,
Alfajiri, Makupa, nikakimbia maili.

Wa Likoni, Mbwarahaji, bega kwa bega miaka,
Alisema, “Sihitaji, kazi yangu ni kuruka.”
Kando anauza maji, kila tukipumzika,
Mkono ule mrefu, kwangu hautaki bili.

Juzi tena niliruka, yai likanipotea,
Kwa goti nikaanguka, chini nikalilalia,
Mwadime alivyocheka! “Mnara waatamia!”
Nikatoka nalo mbio, hatua kumi na mbili.