Mkate wa Machi

Mimi Tarmo, mpima gesi wa wilaya ya Võru,
nimelipwa miaka ishirini na sita
kuamini kitu kisicho na rangi wala harufu,
mradi tu sindano icheze.

Kule Valga familia moja ilihama chumba.
Nyayo darini usiku, mwanamke mrefu miguuni pa kitanda,
mtoto analia akimwonyesha kwa kidole.
Mchungaji alishakuja, akaomba, akanywa kahawa, akaondoka.
Nilipoinua kipimo changu kikawika kama jogoo:
dohani ilizibwa na kiota cha kunguru.
Kaboni monoksaidi. Tukazibua.
Mwanamke mrefu hakurudi tena.
Kisa hiki nimekisimulia harusini, nimekisimulia sauna,
nimemsimulia kila aliyethubutu kutamka mzimu mbele yangu.

Basi mama aliponipigia simu akasema,
"Njoo, mkate unaiva,"
na tanuri lile halijawashwa tangu baba afe,
sikuogopa mzimu. Niliogopa gesi.
Kilomita arobaini, theluji inayeyuka, matope hadi milangoni mwa gari.

Sifuri jikoni. Sifuri sebuleni.
Sifuri mdomoni mwa tanuri.
Hata kabatini, kati ya makoti ya marehemu: sifuri.
Mama kaketi, pua juu, macho kafumba,
kama mtu anayesikia jina lake likitajwa chumba cha pili.
"Ganda limeanza kushika," akasema. "Husikii harufu?"

Sikusikia.
Nataka hilo liandikwe wazi. Sikusikia kitu
ila soksi zangu mbichi.

Nikamweleza habari za ubongo, za uzee, za mishipa ya pua.
Akanisikiliza kwa adabu, kama asikilizwavyo muuza bima.
Kisha: "Na goti lako?
Daktari alilipima kwa mashine gani?"

Picha haikuonyesha kitu, kweli.
Daktari aliniuliza tu,
kutoka moja hadi kumi, linauma kiasi gani?
Nikasema saba. Akaandika saba.
Na ile saba, iliyotoka mdomoni mwangu mtupu,
ikanipatia vidonge na siku nne za kulala.

Nilinyamaza. Ila haki itendeke:
yupo bwana mmoja mjini anauza salamu za wafu.
Jirani yetu Hilja alimpa pensheni ya miezi mitatu
aambiwe kwamba mumewe amemsamehe,
bila kuambiwa amesamehewa nini.
Pafukapo moshi pana moto, wanasema;
pengine pana mkono mfukoni mwako.

Mama hauzi kitu.
Machi ya arobaini na tisa alikuwa na miaka saba.
Nyanya Leontine alikwisha kuingiza mikate minne,
kila mmoja kaukandamizia msalaba kwa upande wa kiganja,
askari walipogonga. Nusu saa ya kufunga virago.
Siberia walikaa miaka minane,
na huko, usiku wa maganda ya viazi,
nyanya aliuliza giza, hakuuliza mtu:
"Nani aliitoa?"

Hakuna hati. Hakuna shahidi.
Aliyehamia nyumba ile hakuacha hata jina.

"Fungua, Tarmo," mama akasema. "Itaungua."

Nina miaka hamsini na minne. Nina cheti chenye muhuri.
Nikatungua kitambaa msumarini,
nikafungua mlango wa chuma,
nikaingiza mikono yote miwili juu ya majivu baridi
na nikatoa
mmoja. Wa pili. Wa tatu.
Nikaipanga mezani, nikaachia nafasi ipumue.
Mama alikuwa akihesabu kwa midomo.

Wa nne, kitambaa kiliteleza.
"Polepole!" akasema,
nami tayari nilikuwa narusha kitu
kutoka mkono huu kwenda ule,
napuliza vidole.