Nyumba ya Kumi na Saba

Tangu saa mbili namwaga maji ya watu:
ya vifuu, ya matairi, ya vikopo vya mtindi,
ya kisahani chini ya mnanaa wa mwalimu mstaafu
aliyeniambia kodi yake ndiyo inayoninunulia buti.
Nikamshukuru kwa buti. Zinavuja.

Hapa Matara mvua imekatika jana,
na mvua ikikatika ndipo idara yetu huamka:
tochi, fomu za rangi ya waridi,
kipaza sauti chenye kikohozi,
na chupa yangu ya jamu yenye viluwiluwi
wanaojikunja, wanaojikunjua,
kama koma zilizotoroka sentensi.
Watoto huwapenda. Huwapa majina.

"Mbu huyu," huwa nasema, "si wa mtaroni.
Anapenda maji safi, kama wewe.
Anakuja mchana, kama mdai."

Nyumba ya kumi na saba, kwa mama Somawathie.
Ua umefagiwa hata kivuli kimekaa sawa.
Tangi lina kifuniko, kifuniko kina jiwe.
Nikashika kalamu niandike: safi.
Ndipo nikaona, sebuleni, picha ya kijana
mwenye tai ya shule, na mbele yake
glasi ya maji, maua meupe matatu.

Nikamulika. Walikuwemo.
Saba, labda wanane.

Faini ipo, ukurasa wa pili.
Kisanduku cha picha hakipo.

"Asela," akasema, kabla sijauliza.
"Homa hiyo hiyo yenu. Siku ya tano ikashuka.
Tukapika wali wa maziwa, tukashangilia."

Homa ikishuka msishangilie, mpelekeni hospitali:
ni mimi, bwana afya, ninayelitangaza hilo
kila Jumanne, mtaa kwa mtaa.
Mwezi ule gari la matangazo
lilikuwa gereji, likingoja betri.
Sikumwambia.

Nikaenda kwa mafundi wa jirani,
nikaomba mchanga, konzi tatu.
Nikaulowesha tu, usisimamishe maji.
Maua akayachomeka mwenyewe, moja moja.
Yakasimama.

"Hayatanyauka?"
"Siku mbili yatafika, mama. Ukilowesha tena, tatu."

Yale maji ya zamani hakunipa niyamwage.
Aliyabeba kwa mikono miwili hadi nje,
akayamimina kwenye saruji penye jua kali,
akasimama akipatazama
mpaka pakakauka.

Nikaandika: kumi na saba, safi.

Kumi na nane wana mbwa.