Mpangaji wa Bomba la Tatu

Lilikuja juu ya magunia ya viazi kutoka Nakuru,
tanuri la shule iliyofungwa,
mlango umekazwa kwa kamba ya katani,
kutu imelilamba ubavu mmoja
kama ng'ombe alambavyo ndama.
Elfu sitini na tatu. Nusu ya chama,
nusu nyingine msiniulize.

Ilesi nzima ilitoka kutazama.
Sisi huchomea uwanjani,
nyasi, magome ya mkaratusi, macho yakiyabembeleza mawingu:
saa kumi mvua ya Kakamega haikosi miadi,
na chungu kikiloa katikati ya moto
hulia mara moja tu.
Nimekisikia kilio hicho. Ndiyo maana.

"Umenunua jeneza la bati," akasema Shimenga,
"tena la mitumba."
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu matofali:
sitini na moja mazima, kumi na manne yana nyufa,
mawili yameota uyoga.

Akumu alitoka Kondele, spana ndani ya mfuko wa unga.
Aliligonga tanuri, akasikiliza, akaligonga tena,
kama mnunuzi wa chungu sokoni.
Akaniandikia kiganjani:
regulata mpya, mpira wa gesi mita nne,
blanketi la sufi ya moto la mlangoni,
waya wa kupimia joto, ule wa zamani panya wameula,
na valvu inayojifunga moto ukizimika.
"Hiyo ya mwisho tuiache, nataka rangi ya kung'arisha."
"Rangi utampaka nani," akasema, "ukishalipuka?"

Basi tukanunua valvu.

Mtungi ukaletwa kwa bodaboda, nikacheka peke yangu:
mtungi wa chuma umekuja kuchoma mitungi ya udongo,
na yote huitika jina moja.
Tukapaka povu la sabuni kila kiungo.
Povu likitulia, salama.
Likivimba kama shavu la mtoto aliyebana siri,
kaza nusu mzunguko.

Bomba la kwanza likawaka buluu. La pili, buluu.
La tatu likakohoa, likatoa ulimi wa manjano, likanyamaza.
Akumu akafungua, akachungulia.
"Una mpangaji."

Nyumba ya nyigu:
vyumba vitano vya matope, ubavu kwa ubavu,
kuta nyembamba kuliko zangu za siku njema.
Hakuwa na gurudumu. Hakuwa na chama.
Mdomo tu, na tone la maji.

Akumu akainua spoki ya baiskeli apasue.
Nikamshika mkono.

Tuliitoa nzima. Ilikuwa tupu, wana walisharuka.

Jumamosi tukapakia: vyungu ishirini na viwili,
mabakuli ya hoteli moja ya Kisumu,
na rafu ya juu, konani, nyumba ya nyigu.
Saa kumi mvua ikatimiza miadi,
ikapiga bati, ikapiga bati,
na kwa mara ya kwanza niliisikiliza nikiwa nimekaa.
Kwenye tundu la kuchungulia rangi ikapanda
kutoka damu ya mzee hadi chungwa bivu.

Mfinyanzi hulia gaeni, wanasema.
Jumatatu vyungu viwili vilitoka na nyufa;
haya, sahani zangu hizo.
Nyumba ya nyigu ilitoka nyekundu,
ukiigonga kwa ukucha inaitika.
Nimeiweka dirishani, milango yake ikitazama nje.
Siiuzi.
Shimenga ameuliza bei mara mbili.