Ukuta Mweupe

Karakana ya baba iko chini ya nyumba, huku Ribnica:
ngazi tisa, mlango unaogoma kila mvua,
dirisha moja lenye kimo cha theluji.
Februari nilishuka na ubao wa plaiwudi,
rangi nyeupe, ndoano, kalamu ya wino mzito,
nikasema, leo patapangika.

Maana palitia aibu.
Patasi zimelala na vijiti vya gundi,
tupa zinatafunana ndani ya ndoo moja,
msumeno unaning'inia kwenye bomba la maji ya moto,
na skrubu, Mungu wangu, skrubu,
kwenye mikebe ya kahawa, ya dagaa, ya dawa ya viatu;
mmoja ameuandika kwa mkono wake:
"Za kitu fulani."

Kutwa nzima.
Nyundo kwa uzito, koleo kwa mdomo,
randa zimelazwa ubavu, makali yasiguse rafu.
Nikachora kila chombo mzunguko wake ukutani,
hata mgeni ajue kipi hakijarudi.
Nikajipongeza kwa sauti.

Jioni baba akashuka, kiganja ukutani, akihesabu ngazi.
Hakuwasha taa.
Tangu Oktoba, taa kwake
ni joto kidogo tu kwenye paji la uso.
Akanyosha mkono wa kushoto, palepale, kwenye bomba:
hamna msumeno.
Akaiinamia ndoo: hamna ndoo.
Vidole vikatambaa juu ya ubao wangu
kama mtu anayebisha hodi nyumba iliyohamwa.
"Breda," akasema, "umenizimia taa."

Karakana usiyoifanyia kazi gizani
hujui kunguni wake.

Tukaanza upya, yeye juu ya kigoda, mimi nikibeba.
Patasi ya robo inchi?
"Kulia kwa gundi, mpini kwangu."
Keekee?
"Nyuma ya mlango, msumari wa pili. Wa kwanza umelegea."
Na huu mkebe, kitu gani hicho?
Akautikisa sikioni, akausikiliza muda mrefu.
"Sikumbuki. Lakini rafu ya chini."

Saa saba za usiku ubao ulibaki mtupu,
michoro tu, mistari isiyo na chuma.
Isipokuwa nyundo ndogo.
Aliijaribu mara tatu: akaipata, akairudisha, akaipata.
"Hii," akasema, "umeipatia."