Chenji ya Hundi

Nalikichonga kitanda, cha mvule, Majengoni,
Mteja akakipenda, hakuja hata dukani,
Bei hakuja kuponda, kasema yu safarini,
Hundi ikaja kwa Honda, bahashani, mlangoni.

Bei yangu ni sitini, hundi tisini na tano!
Akanena, “Samahani, karani kajaza mno;
Chenji irushe simuni, dereva asaga meno.”
Kidole ki kitufeni, Mishi kashika mkono:

“Kwani ni Mombasa hii, mtu asiyepatana?
Ziada haitulii, yataka kurudi jana!
Mimi hundi siitii, ila benki ikinena.”
Nikanuna, nikatii. Simu ikapigwa sana.

Jumatano nikafika, dirishani kwa Aziza:
“Tarakimu zimeshuka, sufuri zakupumbaza;
Haijaiva kulika, benki yake twauliza.”
Hundi hewa! Ikaruka, na simu ikanyamaza.

Mafundi, nawaambia, chenji ya hundi ni mwiba,
Anayekuzidishia, kwako ndiko atashiba.
Kitanda twakilalia, mie na Mishi, si haba;
Guu moja lasinzia, hundi ndiyo yalibeba.