Kimo na Kina

Mwalimu Hilarión aligonga chaki ubaoni mara moja.
"Hii ni nukta. Haina urefu, haina upana.
Ipo tu."
Kama Severo, tukacheka, alalaye hadi kengele.

Akaivuta nukta, ikawa mstari.
Akauburuta mstari, ukawa mraba.
Kisha akaazima kiberiti, akakisimamisha mezani:
"Na sasa tunapanda. Kimo."

Nje, Llallagua ilikuwa na baridi ya kupasua midomo,
mapaa ya mabati yakilia kwa upepo.
Nikanyoosha mkono.
"Mwalimu, je, tukishuka?"

Darasa likanyamaza. Nusu yetu
tulikuwa na baba chini ya sakafu ile,
shavu limejaa majani ya koka, akichokonoa bati gizani,
mita mia mbili, mia tatu, nani aliyewahi kuzipima?
Mama hupima kwa saa:
akichelewa kidogo, yuko mbali kidogo.

Mwalimu alikitazama kiberiti muda mrefu.
Akakilaza.
Akavuta droo yake hadi mwisho, tupu,
njiti moja tu imebaki pembeni.
"Ni kipimo kilekile, Nélida," akasema,
"ila ishara hubadilika."
Akaandika alama ya kutoa,
nyembamba, kama anayeogopa kuikandamiza chaki.

Usiku baba aliporudi nilimsimamisha mlangoni,
nikampima kwa rula ya shule, nikiihamisha, nikiihamisha,
toka kisigino hadi kofia yenye taa:
sentimita mia moja sitini na nne,
zote juu ya sifuri.