Mahudhurio

Shuleni hakuwa mama.
Alikuwa Mwalimu Blandina, na ukiteleza ukamwita vingine
uliinamisha kichwa, ukatazama viatu vyake,
kile cha kushoto kimeshonwa kwa uzi wa katani.

Kutoka kwetu Kwemhanya hadi shuleni ni vilima viwili
na kijito ambacho hakina jina mpaka kijae.
Kikijaa tunakiita Bwana Mkubwa.
Masika alikivuka na daftari la mahudhurio kichwani,
limeviringwa ndani ya mfuko wa sukari,
chaki za muhula mzima zimo kwenye sufuria yenye mfuniko,
mimi nyuma, Tito mgongoni mwangu akinivuta nywele.

Msimu wa machungwa darasa lilibaki nusu.
Wengine walikuwa juu ya miti ya matajiri wa Muheza,
wanalipwa kwa tenga.
Hakumchapa mtu. Jioni alipita nyumba kwa nyumba,
akakaa kwenye kigoda, akala bada aliyopewa,
akanawa, ndipo akasema:
"Kesho tunafanya kugawanya.
Asiyekuja hatajua amepunjwa kiasi gani."
Wakaja.

Kengele ilikuwa moja, rimu ya trekta la mkonge:
siku tano ya shule, Jumapili ya kanisa.
Alisali kama alivyofundisha,
polepole, akirudia,
akimsubiri aliye nyuma.

Nami nilimkasirikia, niseme kweli.
Ada yangu ya kidato cha tatu
ilimlipia binti wa marehemu Mnkande,
nikakaa nyumbani mwaka mzima nikipukuchua mahindi.
Hakuniomba radhi.
Alisema, "Wewe una mama,"
akaendelea kusahihisha.

Usiku, kabla ya sala, aliita majina.
Anjelina. Nipo.
Melania. Nipo.
Tito. Na Tito alipiga kelele hadi kuku wakastuka.

Mwaka ule degedege ilipomchukua
tulidhani jina lake litarukwa.
Hakuliruka.
Aliliita, akanyamaza
kwa muda wa mtoto kuinua uso,
kisha akajibu mwenyewe: Yupo.
Baba alisimama akatoka nje.
Sijui alikuwa akifanya nini huko gizani,
kila usiku, kwenye jina lilelile,
miaka yote ile.

Siku ya kustaafu walimpa mabati sita na saa ya ukutani.
Mabati aliezekea jiko la shule.
Saa ilisimama mwezi wa pili, saa nne kasoro dakika tano.
Tukataka kuitengeneza, akakataa:
"Iacheni. Ni karibu na uji."

Mwaka jana wodini, kule Teule,
alikuwa hatujui tena.
Muuguzi alimwita bibi, hakugeuka.
Akamwita mwalimu, akaomba kalamu.
Hatukuwa na kalamu.
Akaanza kuita darasa, sijui la mwaka gani:
Mhina, Kihiyo, Zubeda wa Saguti,
Semng'indo mkubwa, Semng'indo mdogo,
na mgonjwa wa kitanda cha tatu, mama wa watu kutoka Mtindiro,
akawa anaitikia kwa niaba yao wote,
nipo, nipo, nipo,
bila mzaha, shuka hadi kidevuni.

Kisha akasema, Melania.

Nilikuwa nimeshika beseni.
Nina miaka hamsini na mmoja.
Nikasema, "Nipo, Mwalimu."

"Umechelewa," akasema,
akachora alama hewani kwa kidole.
Sikuweza kuona
kama ni mkwaju au sifuri.